Toleo la Nne

Nilikuletea kiraka cha mistari sita, Eilert,
saa nane za usiku, karakana ya tramu imenyamaza,
theluji ya Brno ikishuka bila haraka.
Mistari sita tu. Kasoro yenyewe ndogo:
jina langu, Řeháková, lina herufi iliyovaa kofia,
na programu yenu huihesabu kofia kama mtu wa pili.
Kwa hiyo katika orodha ya walioandika
safu yangu husogea hatua moja kushoto,
kama mgeni aliyekalia ukingo wa benchi.

Ulijibu kutoka Tromsø kabla jua halijachomoza,
ingawa huko, Desemba, jua halichomozi.
"Umeeleza ulichofanya. Hujaeleza kwa nini.
Na mstari wa nne una nafasi tupu mwishoni."

Nafasi tupu!
Nilisugua sufuria hadi ikang'aa.
Mama akauliza nani amefariki.
Nikasema: kuna mtu kaskazini anahesabu hewa.

Toleo la pili. "Hivi ni viraka viwili
katika kanzu moja. Vitenganishe."
Toleo la tatu. "Jaribio lako linafaulu hata kasoro ikiwepo.
Basi linajaribu nini?"
Hapo sikugusa sufuria. Ulikuwa umesema kweli,
na ukweli ukitoka kwa mtu usiyemjua
hauna hata uso wa kuuchukia.

Nikaandika sababu kwanza, msimbo baadaye.
Niliandika: kuna watu ambao majina yao hayapimwi sawa.
Nikafuta.
Nikaandika: upana wa herufi si idadi ya baiti zake.
Ilikuwa sentensi ileile, imevua viatu.

Toleo la nne likaenda. Siku tisa, kimya.
Nilibadilisha breki za tramu namba kumi na mbili,
nikatia grisi, nikanawa, nikatazama, hakuna kitu.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema ufanyeje ukuta ukiwa si wako
na mwenyewe hafungui mlango.

Siku ya kumi:
"Nimekijaribu. Ni sawa.
Nimechelewa kwa kuwa nilirudi nyuma katika historia,
badiliko kwa badiliko, kumtafuta aliyeandika hesabu ile.
Ni mimi. Miaka kumi na mmoja iliyopita.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

Tawi likaungana na shina.
Hukunipongeza. Uliweka jina lako chini ya langu,
kama mtu atiaye sahihi kwenye stakabadhi ya mkate.

Alfajiri nikavuta toleo jipya, nikafungua orodha.
Majina yamepangana, ya huku na ya huko,
na langu katikati, na kofia yake kichwani,
limenyooka.
Nililitazama mpaka chai ikapoa.

Kisha nikafungua faili lenyewe, na chini kidogo,
mstari wa mia mbili na tatu, nikaona
nafasi tupu mwishoni. Yako, Eilert.
Nimeiacha hadi kesho.
Nimechoka, na sufuria zote ni safi.