Inchi Nne Ndani ya Mshono

Mimi Kageha, fundi wa nguo hapa Mbale,
nimepima viuno vya mji huu miaka ishirini na sita.
Namjua aliyenenepa tangu Krismasi,
namjua anayevuta tumbo ndani tepu ikimzunguka
kisha wiki ijayo anakuja kuteta kwamba gauni linambana.
Siri zao zote ziko kwa chaki, nyuma ya boksi la uzi.

Kiuno changu sikukipima.

Ikaja tepu nyingine, nyeusi, yenye pumzi,
ikanikaba mkono pale hospitalini,
ikavimba, ikasita, ikashuka kama gurudumu lenye pancha.
Muuguzi Ambundo, kijana wa Luanda,
akaandika mia na themanini juu ya mia na kumi,
akauliza kama mama yangu yu hai.
Nikamwambia alianguka jikoni, mwiko mkononi,
upande mmoja wa mdomo ukaenda zake
na haukurudi hata siku ya kumzika.
Hilo hakuliandika.

Basi vidonge viwili kila asubuhi:
cheupe cha kulegeza mishipa,
na kile kidogo, kichochezi, cha kunikimbiza chooni.
Na kutembea.
Nikamwambia, mwanangu, mimi nakanyaga cherehani kutwa!
Akacheka. "Hicho ni kisigino tu, mama. Wewe mwenyewe umeketi."

Saa kumi na moja na nusu natoka, naelekea Majengo,
raba za Lihanda miguuni, kubwa, nimezijaza vitambaa mbele.
Kwa ajili ya kile kidonge kidogo
nakijua kila choo kilicho kando ya lami
na nani ana mbwa.
Munyu wa majivu nimeuacha;
mrenda ukaninunia siku tatu, kisha tukazoeana.

Mwezi wa pili sketi ikaanza kunizunguka,
zipu ikahamia nyongani.
Sokoni wakanong'ona: Kageha anakonda, ana nini?
Kwetu kukonda kuna majina mengi
na hakuna hata moja linaloitwa kutembea.
Mama Vugutsa akaniletea uji wa wimbi
na maombi marefu kuliko uji.

Kisha Jumanne moja, mwezi wa tano,
niliinama kufunga kamba ya kiatu,
nikainuka,
na barabara ikainuka nami.
Vilima vya Maragoli vikabadilishana viti.
Nikaketi juu ya rundo la kokoto za watu.
Mwanamke aliyekuwa akiziponda aliweka nyundo chini,
akanipa maji ndani ya kikombe cha plastiki,
akarudi kazini bila kuniuliza jina.

Usiku nikawaza: nimepona, sasa dawa ndiyo inayoniua.
Nikasimama juu ya shimo la choo,
kidonge katikati ya vidole viwili.
Nilichokiona ni ule mwiko.
Nikakirudisha chupani.

Ambundo akanipima nimelala, akanipima nimesimama,
akatazama kitabu changu, akatazama mizani, kilo kumi na moja zimekwenda.
"Dawa hii," akasema, "ilikatwa kwa mwili wako wa zamani."
Nikamwelewa kabla hajamaliza.
Nguo ikizidi mwili, fundi huipunguza,
haitupi.
Lakini si mteja anayeshika mkasi.

Sasa kile cheupe nakigawa nusu, kama alivyoniandikia,
kwa wembe mpya wa kufumulia nyuzi.
Nusu hazilingani kamwe. Mimi, fundi!
Leo naanza na kubwa, kesho namalizia na ndogo.

Sketi tatu nimezipunguza.
Ya kitenge, niliyomzikia mama, nimeikunja tu;
inchi nne zimelala ndani ya mshono, sikuzikata.
Mwili si wa kuahidiwa.

Asubuhi hii mvua.
Raba zimelowa tangu jana, vitambaa vinanuka.
Nitafika kwa yule mwenye mbwa,
basi,
halafu tuone.