Nyuzi

Umeme umerudi Chumbageni saa tano kasoro,
nimeiegemeza picha ya goti lako kwenye taa ya meza
na kuazima mkebe wa Mwanaisha, darasa la sita.
Protrakta ina ufa: sabini hadi tisini hazisomeki.
Si neno. Ninayoitafuta iko chini.

Nyuzi ishirini na tisa, Watasema.
Kichwa cha muundi wako kimeinama kama paa la bati,
na kila ukikanyaga
paja lateleza nyuma, halina cha kulishika.

Shekalaghe anasema uliruka mtaro, kule Pongwe,
ukimfukuza mwizi wa singa.
"Ni siku ile, daktari. Mtaro ule."
Nikaitikia kwa kichwa.
Yeye mlinzi wa ghala la mkonge, angenielewa
ningemwambia kamba haikatiki siku moja:
uzi mmoja leo, ukiinuka vumbini,
mwingine baada ya mfungo,
kisha mtaro huja mwisho kubeba lawama.

Jana nilishika paja kwa mkono huu, muundi kwa huu,
nikavuta.
Ukaja mbele, laini,
kama mtoto wa meza.
Shekalaghe akageukia dirisha.

Haya, hesabu.
Wenye bamba hukata mfupa kwa msumeno wa nusu duara,
huuzungusha mpaka nyuzi tano, hukaza skrubu sita.
Bamba liko Dar. Bei yake mishahara minne ya mlinzi,
bila nauli.
Mimi nina mshipi, ratili themanini,
wa duka la nyavu karibu na Deep Sea.
"Unavua nini, daktari?"
"Goti."
Hakucheka. Akanipimia mita tatu.

Uzito: kilo thelathini na moja.
Tundu hapa, mbele ya muundi.
Mshipi upite nyuma ya kifupa hiki, punje ya kunde,
urudi, ufungwe.
Nimeandika: nyuzi mbili sambamba. Nimefuta.
Nimeandika tena.
Nikikaza mno, goti litakuwa bawaba yenye kutu;
nikilegeza, nimekupasua bure.
Na kwa mteremko huu, sijui. Naliandika hilo pia: *sijui*.

Bi Mwanakombo wa mlango wa pili kaja kuuliza
mbwa gani anayekesheshewa taa.
Nikamwonyesha mteremko. Akautazama sana,
akashika goti lake mwenyewe,
akasema, "Na ngazi za nyumba hii, je?"

Usile baada ya saa nane usiku.
Wembe mpya. Jiko la presha, dakika thelathini.
Wiki nane za kamba fupi, hakuna mtaro,
hata mwizi akipita na robota zima kichwani.

Mwanaisha anadai mkebe wake, kesho ana mtihani.
Kabla sijaufunga napima goti la pili,
lile zima, lililobeba mzigo wote tangu Machi.

Ishirini na nane.

Naandika kwa penseli,
bila kukandamiza.