Stesheni

Ubaoni pale Wete, Faki Hamadi alichora kwa rangi nyekundu:
*Machozi ya Mama Aliyemngoja Mwanawe Stesheni.*
Rangi ikamwishia; neno la mwisho akalimaliza kwa chaki.
Mvua ikalifuta. Vinywa vikalidaka.

"Ushaiona Stesheni?"
"Mara tatu!"
Kisiwa kizima hakina reli,
lakini benchi letu la nje likawa Stesheni,
na Shaame wa tiketi, Stesheni Masta.

Bi Mize tu ndiye asiyekata.
Ukimuuliza picha gani, hulitaja jina zima,
taratibu, kama apimaye pishi za karafuu:
machozi, ya mama, aliyemngoja…

Mwanawe yuko Maskati.
Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi.