Cha Tatu

Cha kwanza tulikishusha Januari, kikazamisha pua.
Mchoro ulisema mlango hautavuja;
ziwa halikuusoma mchoro.

Cha pili kilielea vizuri mno,
mpaka upepo wa saa nane ukakisukuma ubavu,
sinia tupu, hadi kwenye magugu ya Dunga,
na Sajenti Makokha akashuka na panga
kuifyekea meli ya jeshi njia.

Mimi mchomeleaji. Vita sivijui.
Najua mshono: ukiuharakisha
utakucheka siku ya maji.
Mhandisi alitaka mkuku mrefu.
Apondi wa chai, akipita na birika, akauliza:
"Mnataka kiparamie ufuo,
na mmekivisha kisu tumboni?"
Tukaukata mkuku. Jina lake halimo kwenye mchoro.

Hiki ni cha tatu.
Kimebeba lori la mchanga badala ya kifaru,
kimesugua tumbo ufuoni Asembo,
winchi imelia, ulimi wa chuma umelala juu ya kokoto,
mkavu.

Wakubwa wakatazama saa: sekunde arobaini.
Askari wakatoka mbio, bunduki bila risasi,
wakajitupa kifudifudi
mbele ya akina mama wanaoanika omena.
Mmoja akashika kiuno: "Mwanangu,
umelalia mboga yangu."

Nilicheka na wenzangu.
Kisha nikapiga magoti, nikakagua bawaba
moja moja, kwa kidole,
maana anayekimbia hivyo siku ya risasi za kweli
hana nafasi ya kuuliza
nani alichomelea.