Omu Mbili

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa nne asubuhi,
Bi Mwatumu Semhando aliegesha kirikuu chake mlangoni kwangu,
kimejaa trei za mayai hadi usawa wa kioo.
Akashusha sabufa mbili za inchi kumi
na amplifaya aliyopewa na mpwa wake, nyepesi kama kopo la biskuti.
"Nifungie," akasema kwa kishindo,
kishindo cha mtu asiyejisikia.

Miaka ishirini na sita alisimama kando ya korona,
mkonge ukiingia mbichi, ukitoka nyuzi,
na mashine ikimla masikio kidogo kidogo.
Kwanza wakaondoka ndege.
Kisha adhana ya alfajiri.
Kisha jina lake, likiitwa kwa nyuma.
"Sauti za juu nimewaachia ninyi," akasema.
"Nataka ya chini. Ile inayogonga mgongo."

Nikachana kipande cha boksi, nikaandika: MAYAI JE?
Akacheka.
"Mayai yana maganda. Mimi sina."

Sasa, boksi la ile amplifaya lilisema wati elfu mbili.
Boksi husema. Boksi ni mshenga,
halijapata kutaja chongo la bibi harusi.
Niligeuza chuma, nikatafuta maandishi madogo karibu na skrubu:
wati themanini za kazi, zile za kutwa nzima.
Nyingine zote za kupigia picha.
Na sabufa zake zilitaka mia mbili hamsini kila moja.

Watu hudhani mashine ndogo ina huruma.
Ndogo ndiyo inayoua.
Ukiilazimisha itoe nguvu isizokuwa nazo
hulikata kila wimbi kichwa, likabaki bapa kama meza,
na koili, badala ya kwenda na kurudi,
inakaa pale pale inaungua,
kimya, na harufu ya gundi.
Nilimwandikia hilo kwa ufupi. Akasoma mara mbili.
"Kama sisi zamu ya usiku," akasema.

Nilikuwa na moja rafuni, ya mtumba, nzito, mapezi ya alumini,
wati mia tano kwa omu mbili, na chini ya hapo haishuki.
Hemedi Singano, mwezi wa tatu kazini, akauliza tunafungaje.
Nikamsomea ubeti wangu, niliotunga
baada ya kuunguza mashine ya mteja na kuilipa miezi minne:

    Nne kwa nne sambamba, zitashuka ziwe mbili,
    Mashine ikijigamba, isome kwanza kibali,
    Mfululizo huvimba, nane, sauti ya mbali,
    Omu haziombwi dua, zinahesabiwa kweli.

Tukafunga sambamba.
Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
waya wa betri mnene kama kidole, fyuzi shibiri moja tu kutoka betri.
Ardhi, hapo nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa,
maana ardhi mbovu huleta mluzi.
Mluzi ambao yeye asingeusikia.
Nilikwangua hivyo hivyo.

Geini niliifungua kwa mita, si kwa sikio,
mpaka volti thelathini na moja, nikaondoa bisibisi.
"Ongeza," akasema.
Nikatikisa kichwa.
"Ongeza, ni yangu!"
Nikaandika: NI YAKO. NDIYO MAANA.

Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akaegemea.
Hemedi akawasha.
Mkono hakuupeleka sikioni. Aliuweka kwenye dashibodi,
kisha kifuani, kisha tena kwenye dashibodi,
kama anayepima vitambaa viwili kabla ya kununua.
Jirani wa cherehani alikuja kugomba,
akamwona, akarudi kwenye pindo lake.

Mayai matatu yalipasuka.
Tuliyakaanga mchana kwa muuza chai,
pilipili nyingi, chumvi Hemedi akasahau.