Mkata Kimya

Kazi yangu ni kukata kimya.
Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la bampa za mitumba,
chumba tumekivika blanketi za bweni, kijivu, mstari mwekundu,
ili nyundo za mafundi wa chini zisitufikie.
Zinatufikia.
Daktari Kathure huinua kidole, sote tunangoja
fundi amalize bodi lake,
ndipo bingwa wa upasuaji wa moyo
aendelee kutueleza moyo.

Yeye ni mchumi. Huuliza kama anayehesabu chenji
mbele ya mwenye duka, bila haya, sarafu moja moja.
Hamuulizi mgeni alifikaje.
Hadithi ya kufika, husema, kila mtu huja nayo imepigwa pasi.
Huuliza: uliacha nini?
Maana bei, kwa hesabu yake, si ulichotoa mfukoni,
ni kile ambacho mkono haukukichukua
kwa kuwa ulikuwa umeshika kingine.

Cherobon, mkimbiaji, alijibu: meno.
Tukacheka. Hakucheka.
Pesa za mbio za kwanza zilikuwa za meno ya mama,
akanunua viatu.
Mama anatafuna upande mmoja mpaka leo,
na medali zote zimetundikwa kwake.

Mbithi wa sataranji, miaka kumi na tisa, alimtaja kaka yake.
Karo ilikuwa ya mmoja. Wakacheza, mshindi asome.
"Alinifungulia malkia wake," alisema.
"Nilidhani nimemshinda.
Ilibidi nijue kucheza vizuri kwanza
ndipo nikaona."

Yule wa moyo alisema: swali linalofuata.

Baada ya majibu hayo huja kimya, nami nakikata.
Msikilizaji anaosha vyombo, yuko kwenye foleni ya benki,
kimya cha sekunde nne atadhani simu imezima.
Ila situpi. Nina faili, nimeliita Mengineyo.
Cha Cherobon kina kiti kinacholia.
Cha Mbithi, mate yakimezwa.
Cha daktari wa moyo kina kalamu: tik, tik, tik,
mia na kumi na nne kwa dakika. Nilihesabu.

Juzi alikuja Mhandisi Nyanchoka, mjenga madaraja.
Daktari akafungua kwa methali anayopenda kuichokonoa:
"Mchumia juani hulia kivulini.
Hulia chakula, au hulia machozi?"
Nyanchoka akavua visikizio, akavilaza mezani taratibu
kama mtu anayepima kama meza iko sawa.
"Nitajibu," akasema. "Lakini nimesikiliza vipindi vyako vyote,
na sijasikia ukilipa.
Tangulia."

Nyundo nazo, sijui nani aliziambia, zikaacha.
Kwenye skrini mstari wa sauti ukalala chali.
Sekunde kumi na moja.
Kisha Daktari: "Tupate mapumziko mafupi."
Sisi hatuna mapumziko. Hatuna hata matangazo.

Jioni ujumbe ukaingia: Kata hapo.
Wa pili: Kata kama kawaida.
Halafu zile nukta za mtu anayeandika,
zikacheza, zikacheza, zikafa.

Sasa ni saa tatu usiku. Mafundi wamefunga,
barabara inanuka rangi na dizeli.
Nimeongeza sauti hadi mwisho.
Sekunde ya saba kuna kitu, na si pumzi.
Ni M.
Midomo imefumba juu ya jina, haijafumbuka.
Miaka minne nafanya naye kazi,
najua anakunywa chai ya tangawizi bila sukari,
najua hasemi "kwaheri" kwenye simu,
na hiyo M siijui.

Mlinzi Barasa anagonga geti kwa ufunguo, anataka nishuke.
Dakika tano, namwambia.

Nimekata sekunde sita.
Zile za mwanzo.