Mtemi wa Cheyo

Mimi ni daktari wa ng'ombe. Nimezoea
kuzamisha mkono hadi begani
ndani ya mtamba aliyekwama kuzaa.
Mbwa ninaowajua ni wa machungani,
masikio yameraruliwa na fisi,
hawana jina ila mluzi.

Bi Nyanzala akanifungulia kikapu cha mayai.
Humo kikakohoa kitu
chenye manyoya ya rangi ya asali ya Sikonge
na uso uliobonyea kama sufuria iliyoanguka.
Nilimpima kwa mizani ya karanga ya jirani.
Kilo nne na robo.
Jirani akauliza, "Unauza?"

Aliachwa na fundi wa reli mpya, Mchina,
siku mkataba wake ulipokwisha.
Aliachwa na brashi, na mto mwekundu,
na maelezo ya mikono, maana lugha hawakuwa nayo:
fundi alivuta mkono wa koti, akaingiza ngumi,
akabweka kidogo, akainamisha kichwa.
Yaani zamani, huko kwao, mbwa-simba hawa
walibebwa ndani ya mikono ya kanzu za wakubwa,
na mtu wa kawaida akiwaona huinama.
Bi Nyanzala alielewa nusu.
Nusu ilimtosha. Akamwita Mtemi.

Jina likaleta kesi.
Lugusha, mwenye damu ya utemi upande wa mama
(husema hivyo kila anapokopa sukari),
alikuja na bakora: mbwa haitwi Mtemi!
Mbwa alikuwa amelala mlangoni.
Hakubweka. Hakuinuka.
Alimtazama kuanzia viatuni, akaishia viatuni.
Lugusha akasimama kitambo.
"Babu alikuwa hivihivi," akasema,
akaomba maji ya kunywa.

Ndiyo tabia yake. Ukimwita, anafikiria kwanza.
Watoto hawataki, mbuzi wanampisha,
ugali anaunusa tu, dagaa wa Kigoma anamaliza.
Ana mtu mmoja duniani.
Bi Nyanzala akienda chooni, yeye yuko nje ya mlango
kama mlinzi asiyedai mshahara.

Lakini nilikuja kusema ya mwilini.
Pua hakuna. Pana mahali pa pua.
Watu walipenda uso bapa,
wakapandisha bapa kwa bapa, kizazi baada ya kizazi,
hadi njia ya hewa ikabaki tundu la sindano.
Macho yamechungulia nje mno, jani kavu tu linayachubua.
Mgongo mrefu, miguu ya kigoda: asirukie kitanda.
Majike yao wengi huzaa kwa kisu.
Nilihesabu haya yote
kwa vidole vinavyonuka dawa ya kupe.
Bi Nyanzala alikuwa akimchana.

Oktoba, saa nane mchana, mabati yanalia,
umeme ukakatika, feni ikasimama.
Nilikimbia na pikipiki kutoka joshoni.
Ulimi wake ulikuwa zambarau.
Tukamlaza kwenye saruji tupu,
maji ya mtungi tumboni, kwapani,
ungo ukipepea, ukipepea,
hata pumba zikaturukia usoni.

Halafu: koroo.
Koroo.

Nikasema, Dar wapo wanaopasua,
wanaipanua njia, anapumua kimya.
"Kimya kabisa?"
Kimya.
Akakaa chini.
Marehemu Kapela alikuwa mshika taa wa reli, zamu za usiku.
Mchana alilala akikoroma hivyohivyo.
"Miaka thelathini na mmoja nililalamika.
Alipokwenda, nyumba ikawa kiziwi.
Daktari, mpunguzie joto. Mpunguzie uzito.
Macho nitayaosha mwenyewe.
Hilo la koroo niachie."

Nikamjibu kwa ukali, na sijutii:
huo si usingizi mzuri, mama,
huyo ni mnyama anaomba hewa.
Alinyamaza muda mrefu.
"Najua," akasema. "Akizidiwa tena, nauza cherehani."

Simu ikalia. Ipuli, ndama amegeuka tumboni.
Nikanawa, nikavaa mabuti.
Mtemi, juu ya mto mwekundu,
alinitazama hadi viatuni,
akaendelea kuidai hewa, moja moja,
kama anayekusanya kodi.